Leseni ya rubani binafsi isiishie mpakani

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua. Wiki kadhaa sasa nawasoma wasomaji wenzangu wakilalamikia vyeti vya nje kukataliwa, nesi kaambiwa aanze upya, fundi umeme kaambiwa aanze upya, mwalimu naye hivyohivyo, nikawa nasubiri labda kuna mtu atatugusa na sisi wa ndege ndogo, kimya, basi leo nimekaa nimeandika mwenyewe. Mimi ni rubani binafsi. Sirushi ndege za abiria wa tiketi, na leseni yangu hainiruhusu kulipwa hata senti kwa kurusha ndege, narusha ndege ya injini moja kwa hela yangu siku zangu za mapumziko, mara nyingi na mtu mmoja pembeni anayetaka kuona dunia kwa juu.

Ninachotaka kusema ni hivi. Nchi zikishakubaliana kiwango kimoja cha kumpa mtu leseni hii, basi mgeni akija na leseni ya kwao apimwe kwenye yale mambo ambayo kweli yanatofautiana kati ya nchi na nchi, ambayo ni machache na yanapimika kwa siku moja au mbili, asiwekwe benchi miezi na miezi kwa sababu ya barua ambayo haijafika. Maana rubani akikaa benchi ndo hatari inapoanza, na hilo nitalieleza kwa yaliyonikuta mimi.

Kwanza wengi hawajui leseni yetu inavyofanya kazi, wanadhani ni kama ya gari. Dereva ana leseni ya kwao na kile kijitabu cha kimataifa, anashuka nchi nyingine anakodi gari lenye namba za kule anaondoka, imeisha. Rubani sivyo. Leseni ya rubani inafuata zile herufi zilizoandikwa ubavuni mwa ndege, yaani nchi ilikosajiliwa ndege. Ndege za Marekani zinaanza na N, za Uingereza G, za Ujerumani D, za Ufaransa F, za Canada C. Mkataba wa Chicago, ule wa kimataifa wa usafiri wa anga, uliosainiwa tarehe 7 Desemba 1944 unasema kwenye kifungu cha 32 kwamba rubani wa ndege inayosafiri kimataifa lazima awe na leseni iliyotolewa, au iliyoidhinishwa, na nchi ilikosajiliwa ndege hiyo, alafu kifungu cha 33 kinazitaka nchi zingine zote ziitambue leseni hiyo ilimradi haiko chini ya kiwango cha chini kilichowekwa.

Sasa chukua hanga moja, yaani banda la ndege, popote Ufaransa, weka humo ndege ndogo mbili aina ya Cessna 172 zilizotoka kiwanda kimoja mwaka mmoja, moja ina N ubavuni nyingine ina F. Rubani mgeni kaja matembezi na leseni ya Marekani. Ile ya N anapanda anaondoka nayo kihalali, anapita juu ya vijiji vya Ufaransa, anaongea na waongozaji ndege wa Ufaransa, anatua viwanja vya Ufaransa, hakuna tatizo. Ile ya F iliyo pembeni yake, usukani uleule, tenki zilezile, spidi ya kutua ileile, haruhusiwi kuigusa mpaka apate kibali cha kule. Anga ni hilohilo na hali ya hewa ni hiyohiyo. Kama hofu ni kwamba mgeni hajui anga la pale, mbona ile ya kwanza anaruhusiwa? (Na ukiwa mkaazi wa Ulaya siku hizi hata ile ya N wanataka uwe na leseni ya Ulaya juu yake, kwahiyo mlango huo nao umebanwa.)

Na hicho kiwango cha chini hakijafichwa, kiko kwenye Kiambatisho cha Kwanza cha mkataba huo, ambacho kilipitishwa mara ya kwanza mwaka 1948 na kimekuwa kikirekebishwa mpaka leo. Uwe umefika miaka 17. Uwe na saa 40 za kuruka, au 35 kama umesomea kwenye mafunzo yaliyoidhinishwa. Katika hizo, saa 10 uwe umeruka peke yako bila mwalimu, na 5 kati ya hizo 10 ziwe za safari, na safari moja isipungue kilomita 270, unatua na kusimama kabisa kwenye viwanja viwili tofauti. Ile safari mtu haisahau maishani, mimi mpaka leo nikifumba macho naiona ramani mapajani na penseli imefungwa kamba, natafuta reli chini inayotakiwa kuvuka mto, reli haionekani, dakika zinaenda, alafu inatokea palepale ilipotakiwa ila umechelewa dakika mbili kwa sababu upepo ulikuwa wa mbele. Ndo hapo unakuwa rubani. Hayo mtu kayapitia kwenye nchi yoyote iliyo mwanachama wa ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga linalosimamia mkataba huo, na nchi wanachama ni 193, kwahiyo anapofika nchi nyingine akaambiwa leseni yake haijulikani inamuuma, kwa sababu inajulikana, imeandikwa kwenye mkataba ambao nchi hiyo imeusaini.

Nirudi kwa yaliyonikuta. Nilipata leseni nikiwa na saa 58, wengi tunazidi zile 40. Nikaruka miaka kadhaa, nikafika saa kama 130, alafu nikahamishwa kikazi nchi nyingine ambayo sitaitaja, wala sitaitaja niliyotoka, maana shida hii iko sehemu nyingi na sitaki ionekane nina ugomvi na ofisi moja. Wiki ya pili tu nikaenda klabu ya ndege ndogo ya pale, wakanipokea vizuri, wakanionyesha ndege, ilikuwa aina ileile niliyosomea, nikakaa ndani nikashika throto, ule mkono wa kuongeza nguvu ya injini, nikasikia kama nimerudi nyumbani. Wakaniambia nenda mamlaka ya usafiri wa anga ukaidhinishiwe leseni, ni fomu tu. Nikaenda. Dirishani yule dada akapokea leseni, kitabu cha saa zangu, cheti cha afya, pasipoti, akanakili vyote, akanieleza kwa upole kabisa kwamba wao hawaangalii hizi karatasi, wanasubiri barua ya uthibitisho kutoka mamlaka ya nchi niliyotoka, na barua hiyo haiwezi kupitia mikononi mwangu, lazima iende ofisi kwa ofisi. Sawa, hilo nililielewa, leseni za kughushi zipo, lazima mtu ahakikishe. Wakataka pia nipime afya upya kwa daktari wao, wakati cheti changu cha daraja la pili kilikuwa bado hai (kwa kiwango cha ICAO ukiwa chini ya miaka 40 kinakaa miezi 60, ukifika 40 kinashuka miezi 24), nikapima, macho, masikio, presha, mkojo, majibu yakatoka yaleyale ya daktari wa kwanza. Nikalipa ada nikaenda kusubiri.

Nilisubiri miezi saba.

Mwezi wa kwanza nilikuwa nawaelewa. Mwezi wa tatu nikaanza kupiga simu, huku wananiambia barua haijafika, kule wananiambia barua ilishatumwa. Kila upande unaongea ukweli wake. Mwezi wa sita nikapata mtu mmoja kule nilikosomea akakubali kutafuta kwenye kumbukumbu, kumbe barua iliandikwa mwezi wa pili tu, ikatumwa kwa barua pepe ya ofisa ambaye alishahamishwa kitengo, ikalala humo miezi minne hakuna aliyeifungua. Ilipotumwa upya ilichukua wiki tatu faili langu kusogea. Katika miezi yote saba hakuna mtu hata mmoja aliyetaka kujua kama bado naweza kutua ndege!

Na hapo ndipo moyo wangu unapouma. Kuruka ni kazi ya mkono na macho, ukiacha unapotea taratibu bila mwenyewe kujua. Kuna kanuni Marekani wanayo na Ulaya wanayo vilevile, kwamba huwezi kubeba abiria kama hujaruka na kutua mara tatu ndani ya siku 90 zilizopita, na waliiweka kwa sababu wanajua miezi mitatu inatosha kumfanya mtu mkono uwe mzito. Mimi utaratibu ule uliniweka chini siku zaidi ya 200 kwa jina la usalama. Ningeweza kuruka na mwalimu kila wiki, mtasema, na kweli nilifanya hivyo mara mbili tatu mwanzoni, lakini mtu anasubiri kitu cha wiki ijayo, kila wiki ni wiki ijayo, hela ya mwalimu nayo ni hela, ukaacha.

Barua ilipofika ikabaki mtihani wa kuruka na instrakta wao. Niwape picha ya asubuhi ile kwa sababu ndo imenifanya niandike barua hii. Tumekaa ndani, injini inaunguruma, nimesoma orodha yangu ya ukaguzi mpaka kwenye altimita, kile kipimo cha urefu. Altimita inafanya kazi kwa presha ya hewa kwahiyo kabla ya kuruka unaiwekea presha ya siku hiyo, ndo isome urefu wa kweli. Mnara ukatupa presha redioni, tisa tisa mbili. Sasa mimi nimesomea nchi inayopima presha kwa inchi za zebaki kama Marekani na Canada wanavyofanya, na pale wanatumia hektopaskali kama sehemu kubwa ya dunia. Kwenye inchi kuna namba moja inayokaa kichwani kuliko zote, 29.92, ndo presha ya kawaida ya usawa wa bahari. Altimita ile ilikuwa na vidirisha viwili, kimoja cha hektopaskali kimoja cha inchi. Sikio langu likasikia tisa tisa mbili, kichwa kikajiongezea ile mbili ya mwanzo chenyewe, mkono ukazungusha kitufe mpaka 29.92, nikaendelea na orodha.

Instrakta hakunigombeza. Akaniuliza, "Uwanja huu uko futi ngapi kutoka usawa wa bahari?" Nikamwambia mia tatu na kidogo. "Na hiyo inasema ngapi?" Nikaangalia. Ilikuwa inasoma mia tisa na ushee. Magurudumu yako kwenye lami, altimita inasema tuko futi 600 hewani.

Hesabu yake ni rahisi, 29.92 ni sawa na hektopaskali 1013, na siku ile ilikuwa 992, tofauti 21, na kila hektopaskali moja ni karibu futi 30. Ningekuwa peke yangu siku ya mawingu ya chini, naelekea sehemu ya vilima, nasoma futi 1,000 kumbe niko 400. Kosa hilo halitokani na ujinga, anaweza kulifanya rubani yeyote aliyezoea inchi akihamia kwenye hektopaskali, au aliyetoka huko akija huku. Sasa niambieni, ile barua iliyolala kwenye barua pepe miezi minne ilikuwa na mstari gani kuhusu hilo? Hakuna. Inasema mtu huyu ana leseni namba fulani, ni halali, haina adhabu, basi. Aliyelinda maisha yangu na ya watu walio chini ni mzee yule wa pembeni kwa swali moja, na tungeweza kukaa naye kwenye ile ndege wiki yangu ya kwanza nchini.

Na mambo ya namna hiyo hayazidi mkono mmoja au miwili. Kuna ule urefu ambao ukiupita unaacha presha ya uwanja unaweka 1013 kama kila mtu, Marekani ni futi 18,000 kwahiyo sisi wa ndege ndogo hatuufikii kabisa, Ulaya sehemu nyingi uko chini sana, Uingereza kuna maeneo ni futi 3,000, mtu aliyetoka Marekani anaweza kuupita bila habari. Kuna maneno ya redioni. Marekani mpaka mwaka 2010 walikuwa na tamko lao la kumwambia rubani aingie kwenye njia ya kurukia asimame asubiri, tofauti na lile la ICAO, ndo mwezi wa tisa mwaka ule wakalibadili waendane na wengine, na hilo ni neno linaloamua kama uko mbele ya ndege inayotua au hauko. Kuna usiku: Marekani kuruka usiku kunafundishwa ndani ya leseni hiyohiyo, angalau saa tatu, Ulaya usiku ni nyongeza unayoisomea kando. Kuna madaraja ya anga na lini uombe ruhusa kuingia. Lugha ya redioni ilishawekewa kiwango, daraja la nne kwenda juu tangu Machi 2008. Hivyo vyote mtu anasomewa kwa siku moja akatahiniwa kesho yake.

Tena naomba nisieleweke kwamba nataka kila karatasi ipite tu. Kuna leseni ambazo toka mwanzo hazikufikia kiwango cha Kiambatisho cha Kwanza na nchi zilizozitoa zinasema hivyo wazi, kama ile leseni nyepesi ya Ulaya ya saa 30, au ile ya michezo ya Marekani ya saa 20, hizo ni za kwao ndani na mwenye nayo alijua. Hata upande wa afya, Marekani tangu Mei 2017 wana utaratibu ambao rubani binafsi anaweza kwenda kwa daktari wake wa kawaida badala ya daktari wa anga, umewasaidia wengi hasa wazee, ila nje ya Marekani unakubalika nchi chache tu, na nchi nyingine ikikataa ina haki kwa sababu haukidhi kiambatisho. Nchi hazifundishi sawa, hilo pia ni kweli, ICAO inazikagua nchi tangu 1999 na utoaji wa leseni ni moja ya mambo inayokagua, na wapo wanaofanya vibaya. Lakini dawa ya mwalimu mbaya wa kule ni mwalimu mzuri wa huku kukaa na huyo mgeni saa moja na nusu hewani. Huwezi kumdanganya mwalimu kwenye upepo wa ubavu. Ukimpa mtu kutua mara nne, ukamzimia injini kwa maigizo mara moja, ukamwambia twende uwanja ule pale, utajua kila kitu kuhusu alikosomea.

Zipo nchi zilizoonyesha kwamba inawezekana. Marekani ukiwa na leseni ya nchi nyingine ya ICAO wanakupa ya kwao ya binafsi juu ya ile, bila mtihani wa kuandika wala wa kuruka, wanathibitisha tu leseni yako, alafu kabla hujaruka kama rubani mkuu unapitiwa na mwalimu wao. Huo kwangu ndo utaratibu wenye akili kuliko yote ingawa una kasoro yake, ile ya kwao inategemea ile ya kwenu, kwahiyo siku namba ya leseni yako ya asili ikibadilika hata kwa sababu ya kiofisi tu ile ya Marekani inakufa mpaka uombe tena. Marekani na Canada wana makubaliano tangu 2006, rubani wa upande mmoja anafanya mtihani mfupi wa sheria na taratibu za upande wa pili anabadilishiwa, kuruka hajaribiwi upya. Marekani na Umoja wa Ulaya nao wana makubaliano yaliyoanza kazi mwaka 2021. Australia na New Zealand wana utaratibu wao wa kutambuliana.

Ila ukitokea nchi isiyo na makubaliano na ukataka leseni ya Ulaya, unafanya mtihani wa sheria za anga na mtihani wa mambo ya mwili na akili ya rubani, mtihani wa kuruka, cheti cha afya cha kwao, lugha, na uwe na saa zisizopungua 100. Hiyo mia moja naipinga. Mwanafunzi wao wenyewe wanampa leseni akiwa na saa 45, anaondoka na ndege siku hiyohiyo na rafiki zake, sasa mgeni mwenye saa 70 na leseni ya kimataifa ana upungufu gani ambao huyo wa saa 45 hana? Mtihani wa kuruka si upo, kama hajui si ataanguka mtihani?

Na mfano unaouma kuliko yote ni wa Uingereza ilipojitoa Umoja wa Ulaya. Mpaka tarehe 31 Desemba 2020 saa za mwisho za usiku, rubani mwenye leseni ya Uingereza alikuwa anaruhusiwa kurusha ndege iliyosajiliwa Ujerumani au Ufaransa kama ya kwao. Kesho yake asubuhi haruhusiwi. Mtu yuleyule, mafunzo yaleyale chini ya kanuni zilezile, na lolote jipya kuhusu uwezo wake halijaandikwa. Waliojua mapema walihamisha mafaili yao kwenda nchi kama Ireland na Austria, wasiojua wakabaki nje. Uingereza yenyewe iliendelea kuzipokea leseni za Ulaya kwenye ndege zake miaka miwili zaidi, mpaka mwisho wa 2022, upande wa pili haukurudisha. Mimi siasa zao siziingilii. Nasema tu kwamba kama usalama ndo ulikuwa hoja, basi usalama haubadiliki saa sita usiku.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko babu zetu wengi, mkataba wa Paris wa mwaka 1919 ulishasema nchi zitambuliane vyeti vya marubani, wakati ule ndege ni mbao na vitambaa. Zaidi ya miaka mia baadaye tunabishana juu ya barua.

Kwahiyo kama kuna mtu wa mamlaka yoyote anasoma gazeti hili, ninachoomba ni vitu ambavyo haviitaji mkataba mpya. Barua ya uthibitisho iwekewe siku, tuseme siku kumi na nne, na ikipita hapo mwombaji apewe kibali cha muda cha kuruka bila abiria baada ya kupitiwa na mwalimu. ICAO tayari ina viwango vya leseni ya kielektroniki ambayo ofisa anaihakiki palepale kwenye simu, nchi zikiziingiza leseni zao humo hii habari ya barua pepe ya mtu aliyehama kitengo inaisha kabisa. Cheti cha afya cha daraja la pili kilicho hai kikubaliwe mpaka siku yake ya kuisha, jicho la binadamu ni lilelile. Na ule muda na ada zinazoenda kwenye makaratasi ziende kwa mwalimu na ndege, mgeni aruke saa tatu nne na mtu wa pale, aulizwe uwanja huu uko futi ngapi.

Klabuni kwetu kuna kijana kafika mwanzoni mwa mwaka, ana leseni yake safi ya kimataifa na saa 160, na kila Jumamosi anakuja kutusaidia kusukuma ndege kutoka hanga, anafuta kioo, anapima mafuta, alafu anakaa kwenye benchi tunapaa. Wiki iliyopita zilitimia siku 90 toka atue mara ya mwisho. Nimemuuliza barua yake imefika wapi akaniambia huku wanasema haijafika na kule wanasema ilishatumwa. Nimempa ile namba ya simu ya mtu aliyenitafutia mimi kwenye kumbukumbu, Jumatatu anapiga.

Msomaji wako,
Rubani wa ndege ndogo